Naombeni ushauri: nimripoti fundi anayelipwa mkono kwa mkono bila kulipa kodi?

FundiBaridi:
Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni fundi wa viyoyozi na majokofu hapa Unguja. Nina leseni, nina nambari ya mlipakodi, na kila kazi ninayoimaliza naitolea risiti ya kielektroniki. Yupo kijana anayefanya kazi hizi hizi katika hoteli za pwani ya mashariki, kuanzia Paje hadi Jambiani, hana leseni wala risiti, analipwa taslimu jioni ile ile, na kwa sababu hiyo anaweza kutaja bei ambayo mimi nikiitaja nitakuwa nimefanya kazi ya sadaka. Mwezi wa Mei pekee nimepoteza hoteli mbili nilizokuwa nikizihudumia kwa miaka. Sitaki kumkatia mtu riziki, lakini nami nina watoto wanaokwenda skuli. Nikimripoti Mamlaka ya Mapato nitakuwa nimetenda haki, au nitakuwa mchongezi? Na je, jina langu litajulikana?

Mwana wa Gando:
Waalaykum salaam. Ndugu, kwetu Pemba msimu wa karafuu ukiingia wachumaji hulipwa kwa pishi, jioni, chini ya mkarafuu, na sijawahi kumwona mchumaji aliyedaiwa risiti. Ukianza kuwaripoti wote wanaolipwa mkononi, utawamaliza watu wa visiwa hivi, na mimi nitakuwa wa kwanza. Tafuta hoteli nyingine.

Bi Hanuna:
Mimi sitazungumza habari ya kodi. Marehemu mume wangu alikuwa mwashi, akilipwa taslimu kila Alhamisi, na sote tulifurahi kwa sababu pesa haikukatwa hata senti moja. Siku alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, tajiri alisema hamjui, alikuwa kibarua tu aliyeletwa na kibarua mwenzake. Hakukuwa na mkataba, hakukuwa na mchango wa ZSSF, ule Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake. Tulimuuguza miezi kwa michango ya majirani. Kwa hiyo swali langu si kama kijana huyo anaiibia Serikali. Swali langu ni kwamba akianguka na ngazi kesho, nani atakayesema anamjua?

Mhasibu wa Malindi:
Mleta mada, tutenganishe mambo, kwa sababu naona yamechanganywa. Kodi ya mapato hata hapa Zanzibar iko chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Mamlaka ya Mapato Zanzibar, yaani ZRA, inashughulika na VAT, tozo za hoteli na hizo risiti unazozitaja. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Fundi wa hoteli kadhaa huenda amekwishavuka hapo, lakini hujui mauzo yake, unakisia. Jambo ambalo hulioni ni hili: hoteli inapomlipa mtoa huduma inatakiwa kuzuia asilimia 5 ya malipo kama kodi na kuiwasilisha TRA. Ikiwa imemlipa taslimu bila kuzuia chochote, atakayeanza kuulizwa ni hoteli, na hiyo hoteli ndiyo unayotaka ikurudishe. Sasa niambie, wewe umejuaje kwamba analipwa jioni ile ile? Jambo hilo halionekani kutoka barabarani.

Kijiti:
Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tunasubiri jibu, na kahawa iko jikoni.

FundiBaridi:
Nawashukuru nyote. Nimejua kwa sababu ninamfahamu. Sikuona kama lina uzito katika mada, lakini kwa kuwa mmeuliza: kijana ni mtoto wa dada yangu. Nilimchukua akiwa ametoka skuli hana pa kwenda, nikamfundisha kuanzia kuosha vichujio hadi kujaza gesi. Mwaka jana akaondoka bila kuniaga, na wateja wakamfuata. Naomba uhusiano usiingizwe hapa, kwani sheria haina mjomba wala mpwa.

Mwana wa Gando:
Ungesema mapema, nisingepoteza mfano wangu wa karafuu. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nenda kwa dada yako, mkae chini, mzee mmoja awe kati yenu. Ofisi ya kodi haijawahi kusuluhisha ndugu.

Bi Hanuna:
Mwanangu FundiBaridi, miaka hiyo aliyokuwa kwako, ulimwandikisha ZSSF?

FundiBaridi:
Bi Hanuna, kwa heshima zote, hakuwa mwajiriwa. Alikuwa mwanafunzi wangu wa ufundi. Nilikuwa nikimpa posho kila Ijumaa, chakula cha mchana kilikuwa juu yangu, na alipokuwa mgonjwa nilimnunulia dawa. Kila fundi mjini anafanya hivyo. Ningemwekea mkataba, ningelazimika kupandisha bei, na hoteli zingekwenda kwa mwingine.

Mhasibu wa Malindi:
Yaani bei yako ya zamani ilisimama juu ya posho yake, na sasa unalalamika kwamba bei yake imesimama juu ya kutolipa kodi. Sikutukani, ninaonesha tu hesabu ilivyo. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, haimwangalii mtu kwa jina alilopewa na mwenye karakana. Mtu anayefanya kazi yako, kwa vifaa vyako, kwa saa unazozipanga wewe, ana kila dalili ya mfanyakazi. Ukimpeleka mpwa wako kwenye kodi, hakuna kinachomzuia yeye kukupeleka Kamisheni ya Kazi.

Msomaji Kimya:
Samahani kwa kuingilia, lakini nimeusoma uzi huu tangu mwanzo na unanukia utunzi. Mleta mada anasema alipoteza hoteli mbili mwezi wa Mei. Masika yakishika, hoteli nyingi za mashariki hufunga milango na wafanyakazi hurudishwa kwao. Kiyoyozi gani kinaharibika katika chumba kisicho na mgeni? Halafu kwanza alikuwa "kijana mmoja", kisha akawa mpwa, na sasa ni mwanafunzi. Kesho atakuwa mkwe. Kuna watu wanaandika visa ili wasomwe.

Kijiti:
Mimi nilianza kushuku aliposema anatoa risiti kila kazi. Fundi huyo ningependa kumwona kwa macho.

Mtu wa Matengenezo:
Msomaji Kimya, umekosea kabisa. Mimi niko kitengo cha matengenezo katika hoteli moja ya Bwejuu. Mei ndiyo mwezi hasa wa viyoyozi, kwa sababu Julai na Agosti vyumba vimejaa na huwezi kufungua mashine juu ya kitanda cha mgeni. Chumvi ya bahari hula mapezi ya mashine ya nje hadi yakawa unga. Ukiyagusa kwa kidole yanaanguka. Hizo tunazibadilisha wakati wa masika, na mafundi hugombea kazi hiyo kwa sababu ni ya vyumba vingi kwa mpigo. Na ni kweli kwamba wengi hulipwa taslimu. Menejimenti hupenda hivyo kuliko mafundi wenyewe.

Msomaji Kimya:
Kuhusu Mei nimekuelewa. Bado nasema mtu anayeuliza kama aripoti, huku akijibu kila ushauri kwa utetezi, ama anatunga, ama amekwisharipoti.

Bi Hanuna:
Hilo la pili ndilo ninaloliogopa. FundiBaridi, umekwisharipoti?

FundiBaridi:
Sijaripoti. Nimeandika barua na iko mezani kwangu. Nilichokifanya ni kuzungumza na meneja wa moja ya hoteli hizo, nikamwambia kwa nia njema kwamba fundi wake hana risiti na kwamba wakaguzi wakija itamgharimu. Hicho si kuripoti, ni kumtahadharisha mteja. Vilevile mtafahamu hasira yangu mkijua kwamba kijana aliondoka na pampu yangu ya kunyonya hewa pamoja na mtungi wa gesi, na hadi leo anavifanyia kazi. Dada yangu anajua, naye anasema nimwachie iwe malipo ya miaka aliyonitumikia.

Mwana wa Gando:
Dada yako ana akili. Wewe unadai kodi ya Serikali, yeye anadai mshahara wa mwanawe, na pampu iko katikati.

Mhasibu wa Malindi:
Meneja uliyemtahadharisha sasa anajua kwamba unajua, kwa hiyo barua ikifika ofisini, hata isiyo na jina, atakuhesabu wewe. Swali lako la kama jina litajulikana umelijibu mwenyewe. Shauri langu, ambalo si la bure kwa sababu limenipotezea mchana wote: msajilishe kijana, mpe leseni yake au mfanye mshirika, na ninyi wawili mtoe bei moja yenye risiti. Waliojiajiri wanaweza kujiunga na ZSSF kwa hiari, hahitaji kukusubiri. Na kabla ya yote hayo, fungua daftari lako la miaka aliyokuwa kwako na uangalie kama wewe mwenyewe ungependa lisomwe.

FundiBaridi:
Ushirika na mtu aliyenikimbia siuwezi. Barua nitaifikiria hadi Jumatatu.

Kijiti:
Wakati unaifikiria, chumbani kwangu Kwahani kiyoyozi kinadondosha maji juu ya mto. Naomba namba ya mpwa.

FundiBaridi:
Shilingi 25,000, na risiti hatoi.