Mjadala: Je, majeshi yaiache risasi ya milimita 5.56 na kurudia risasi kubwa?

Mleta mada

Mwezi Aprili 2022 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitangaza kwamba limechagua bunduki ya kampuni ya SIG Sauer inayotumia risasi ya 6.8×51 mm (namba ya kwanza ni kipenyo cha kichwa cha risasi, ya pili ni urefu wa ganda), ili askari wake wa mstari wa mbele waachane na ile ya 5.56×45 mm iliyotumika tangu vita vya Vietnam. Tangu hapo swali limezidi kuulizwa: je, enzi ya risasi ndogo imekwisha? Mimi nasema haijaisha, na nasema kwamba wengi wanaoipigia debe risasi kubwa wanatazama kule inakotua tu, bila kutazama inachomfanyia yule aliyeifyatua.

Tuanze na vipimo. Ukiziweka kiganjani risasi tatu zilizozoeleka zaidi duniani, utaona kwamba urefu peke yake hausemi mengi. Ya 5.56×45 mm, ganda na kichwa pamoja, ina urefu wa milimita 57 hivi. Ya 7.62×39 mm, ile ya AK-47, ina milimita 56, lakini ni nene kiunoni na ganda lake hupungua unene kuelekea mbele, ndiyo maana magazini yake imepinda kama mundu. Ya 7.62×51 mm hufika milimita 71, na uzito wake wa takribani gramu 24 ni maradufu ya gramu 12 za ile ndogo. Kichwa cha risasi ya 5.56 aina ya SS109, iliyofanywa kiwango cha muungano wa kijeshi wa NATO mwaka 1980, kina gramu 4 na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 940 hivi kwa sekunde, cha AK-47 kina gramu 8 na hutoka kwa mita 715, cha 7.62×51 kina gramu 9.5 na hutoka kwa mita 840. Kwa mfuatano huo, nishati zao ni takribani jouli 1,750, 2,050 na 3,350.

Wengi hudhani kwamba risasi kubwa ndiyo inayoruka kwa kunyooka zaidi. Katika masafa ambayo askari wa miguu hupigana kwa kawaida, sivyo. Bunduki zikirekebishwa ili zipige penyewe kwenye mita 100, basi kwenye mita 300 risasi ya 5.56 na ya 7.62×51 zote huwa zimeshuka sentimita 40 hivi chini ya mstari wa kulenga, ile ndogo ikiwa na nafuu kidogo, ilhali ya AK-47 huwa imeshuka karibu maradufu ya hapo. Warusi walilijua hilo. Walipohamia risasi ya 5.45×39 mm na bunduki ya AK-74, masafa ambayo askari anaweza kulipiga umbo la kifua cha mtu bila kugusa mpangilio wa kilengeo cha bunduki yalipanda kutoka mita 350 za AKM, toleo la baadaye la AK-47, hadi mita 440, na hayo yalipatikana kwa risasi yenye nishati ndogo kuliko ile iliyoachwa.

Sasa teke, yaani ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma begani. Bunduki hairudi nyuma kwa kadiri ya nishati ya risasi, bali kwa kadiri ya zao la uzito na kasi ya kila kinachotoka mtutuni, gesi ya baruti ikiwemo. Ukizidisha uzito wa kichwa kwa kasi yake, unapata 3.8 kwa 5.56, 5.7 kwa risasi ya AK-47, na karibu 8 kwa 7.62×51, vyote kwa kilogramu-mita kwa sekunde. Ukijumlisha baruti, risasi hiyo kubwa huisukuma bunduki karibu mara mbili ya ile ndogo, na kwa kuwa nishati ya teke hupanda kwa mraba wa msukumo huo, bunduki mbili zenye uzito sawa zitalipiga bega la mfyatuaji kwa nishati zinazopishana karibu mara nne.

Wakufunzi wa ulengaji shabaha wana mtihani wa zamani unaolionyesha jambo hili waziwazi. Huchomeka risasi bandia katikati ya magazini bila mwanafunzi kujua. Mwanafunzi anafyatua, anafyatua tena, kisha nyundo inagonga na mlio hausikiki, na kila aliye pembeni anaona mdomo wa bunduki ukizama chini, kwa sababu mwili ulikwisha kujikaza kulisubiri teke. Milimita 3 za kuzama kwenye bunduki yenye urefu wa mita moja ni sentimita 60 kwenye shabaha iliyo mita 200, na hapo hoja ya jouli ngapi zimebaki haina maana tena, maana risasi imepita chini ya shabaha. Mwaka 1952 Norman Hitchman wa Ofisi ya Utafiti wa Operesheni ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alionyesha kwamba bunduki ya askari wa miguu hufanya kazi yake karibu yote ndani ya yadi 300 (mita 270 hivi). Sijaona hoja iliyolivunja hilo. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hesabu zako sizipingi, ila umezifunga mita 300 kana kwamba adui naye ametia saini kuheshimu mpaka huo. Afghanistan ilitufunza vingine: wapiganaji walikaa juu ya milima na bunduki za rashasha za PKM, zinazotumia risasi ya 7.62×54 mm R iliyoingia jeshini huko Urusi mwaka 1891, wakarusha kutoka mbali kuliko walivyoweza kujibiwa na askari wenye M4, bunduki fupi ya Marekani ya risasi ya 5.56. Kwenye mita 500 risasi ya 7.62×51 huwa bado ina zaidi ya maradufu ya nishati ya 5.56, na upepo wa ubavuni huisogeza kidogo kuliko ile nyepesi.

Pia hukusema lolote kuhusu mtutu. Ile mita 940 hupatikana kwenye mtutu wa milimita 508 wa bunduki ndefu ya M16, ilhali M4 ina mtutu wa milimita 368. Sehemu kubwa ya madhara ya risasi ya 5.56 ya aina za zamani ilitokana na kuyumba na kuvunjika vipande ikiingia mwilini, jambo linalohitaji kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde, na ikitoka kwenye M4 kasi hiyo hupotea kabla ya mita 100. Baada ya hapo askari ana sindano ya kasi tu. Ongeza fulana za kuzuia risasi zenye mabamba magumu, ambazo sasa huvaliwa na askari wa kawaida wa majeshi mengi, uone kama jouli 1,750 zinatosha.

Na huyo Hitchman aliandika enzi za kulenga kwa vilengeo vya chuma, bila darubini. Bunduki mpya ya Marekani inakuja na darubini inayopima umbali kwa leza, inakokotoa mshuko wa risasi na kumwonyesha askari mahali pa kulenga. Aliyeshindwa kupiga mita 500 mwaka 1952 kwa sababu hakujua umbali, leo anaujua kwa kubonyeza kitufe.

Mchangiaji wa pili

Nashangaa mnabishana kana kwamba hakuna kitu kati ya milimita 5.56 na 7.62. Uingereza ilikuwa na jibu baada ya Vita vya Pili vya Dunia: risasi ya 7×43 mm pamoja na bunduki ya EM-2, iliyoidhinishwa mwaka 1951 na kufutwa muda si mrefu Waziri Mkuu Winston Churchill aliporudi madarakani, kwa sababu Marekani haikukubali chochote kilichokuwa dhaifu kuliko risasi yake ya zamani ya .30-06. Mwaka 1954 NATO ikapata 7.62×51, Marekani ikaijengea bunduki ya M14, na M14 ikifyatuliwa mfululizo ilipanda juu kiasi kwamba risasi za pili na za tatu zilikwenda angani. Waliolikataa teke la wastani wakakimbilia dogo kabisa. Mimi naona historia nzima ya 5.56 ni matokeo ya ukaidi ule.

Fizikia nayo haidai kichwa kizito, inadai kirefu na chembamba. Ndiyo sababu Kamandi ya Operesheni Maalumu ya Marekani iliamua mwaka 2018 kuwapa wadunguzi wake risasi ya 6.5 Creedmoor badala ya 7.62×51: bunduki inabaki na ukubwa uleule, teke linapungua, na risasi inapotezwa kidogo na upepo.

Mleta mada

Nimjibu kwanza mchangiaji wa pili, maana tunakaribiana. Risasi ya wastani ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini 6.8×51 mm si ya wastani. Ina urefu uleule wa 7.62×51, na shinikizo lake ndani ya chemba hufika megapaskali 550 hivi, ilhali 5.56 na 7.62×51 huishia kati ya 415 na 430. Ganda la shaba tupu halihimili hayo, ndiyo maana likatengenezwa kwa kitako cha chuma cha pua kilichounganishwa na mwili wa shaba. Hiyo ni risasi yenye nguvu kuliko ile ile iliyoishinda M14.

Ndugu wa kwanza, nakubaliana nawe kuhusu mtutu wa M4. Hata hivyo tatizo la kuvunjika kwa kichwa lilishughulikiwa mwaka 2010 kwa risasi ya M855A1, yenye ncha ya chuma iliyo wazi na isiyotegemea kasi kubwa kama zile za zamani, bila askari kuongezewa hata gramu 100. Darubini ya leza ni jambo la maana, ila fikiria inatibu nini: inatibu mshuko. Upepo ulio katikati ya bonde haiuoni, pumzi ya mtu aliyekimbia mita 200 na mzigo haiitulizi, na mdomo wa bunduki unaozama kabla ya mlio haiuzuii.

Kisha kuna mzigo, ambao hakuna aliyeugusa. Askari wa Marekani kwa kawaida alibeba magazini 7 za risasi 30, yaani risasi 210. Kwa bunduki mpya, magazini 7 za risasi 20 ni risasi 140, na bunduki yenyewe ina kilo 3.8, au karibu kilo 4.5 ikivalishwa kizima sauti, kabla ya darubini. Askari 9 wenye bunduki hiyo wanaingia vitani wakiwa na risasi 630 pungufu. Mapigano mengi huamuliwa na nani anaweza kumlazimisha mwenzake ainamishe kichwa kwa muda mrefu zaidi, na kazi hiyo hufanywa kwa wingi wa risasi zinazopita karibu, hata zisipompata mtu.

Kuhusu PKM mlimani, mbona jibu lilikuwapo? Iliyowapiga ilikuwa bunduki ya rashasha, na anayestahili kuijibu ni mbeba rashasha wetu mwenye 7.62×51 pamoja na mdunguzi mmoja. Kama kikosi hakikuwa nao siku hiyo, kosa ni la aliyekipanga, na sioni kwa nini askari wengine saba wabebeshwe teke na uzito kwa ajili yake. Ninachoomba kutoka kwa upande wa pili ni hesabu moja tu: kwa risasi 140 dhidi ya 210, na kwa askari wa kawaida, si mshindi wa mashindano ya shabaha, ni kwenye umbali gani hasa 6.8×51 inaanza kupata shabaha nyingi zaidi kuliko 5.56?

Mchangiaji wa kwanza

Umbali huo unategemea kama shabaha imevaa bamba au haikuvaa, nawe bado hujalijibu hilo. Shabaha zako nyingi zikigonga bamba na kusimama hapo, unaziandika kwenye safu gani?