Wasimulizi wa Vampire: Dark Ages, imani si pambo! Mnatuharibia mchezo

Wakuu,

Uzi huu ni wa hasira, asiyependa apite tu.

Kila anayetangaza meza mpya ya Vampire: Dark Ages, mchezo wa mezani wa kuigiza vampaya wa Zama za Kati kwa dadu na Msimulizi anayeendesha hadithi, siku hizi analeta kitu kilekile. Koo za vampaya zilezile: mkuu wa mji ni Ventrue, Nosferatu wanauza siri, Toreador wanagombania wasanii, Brujah wanapiga kelele, na kanisa limechorwa pembeni ya ramani kama mnara wa simu. Uliza nani anasali na nani katika mji huo, unaambiwa "hiyo tutajazia baadaye". Baadaye haifiki. Mnatukalisha mezani kwa saa nne kucheza Camarilla (muungano wa koo uliokuja baadaye) iliyovalishwa joho, ilhali kwenye historia ya mchezo wenyewe Camarilla inakuja kutia saini mkataba wa Thorns mwaka 1493! Toleo la 1996 linaanzia 1197. La 2002 linaanzia 1230. La 2015 likasogezwa hadi 1242. Mwaka wowote utakaoshika, hakuna baraza linalozifunga koo pamoja, na hakuna polisi wa vampaya. Sasa mkataba kati ya miji miwili unasimama kwa nguvu gani?

Unasimama kwa imani ya pamoja. Na simaanishi watu kupendana kwa sababu ya dini. Namaanisha kanuni zilizo kwenye karatasi ya mhusika wako, zile ambazo Msimulizi wako anaziruka.

Kila vampaya ana Njia (mwongozo wa maadili) anayoifuata, kama ya Utu, ya Mbingu, ya Wafalme, ya Mnyama au ya Dhambi, yenye kiwango cha 1 hadi 10. Kila Njia ina ngazi zake za dhambi. Ukitenda dhambi iliyo ndani ya ngazi yako unarusha dadu za Dhamiri, au za Msimamo kwa Njia zinazotumia huo, na ukishindwa Njia inashuka pointi. Wengi hapa mnaishia kuona ni adhabu ya mchezaji mkorofi. Fikirini upande wa pili. Kama mimi na wewe tuko Njia moja, mimi ninaijua ngazi yako ya dhambi, kwa hiyo ninajua kabisa kuvunja kiapo kutakugharimu nini. Hiyo ndiyo dhamana ya mkataba. Hakuna nyingine katika karne hiyo.

Chukua mfano. Mkuu wa mji ni Ventrue, Njia ya Wafalme 6. Barazani kwake yupo Lasombra wa Njia ya Mbingu 8, kasisi wa majivu (yaani kiongozi wa ibada wa Njia hiyo), maskini hana hata askari kumi. Yupo pia Toreador wa Njia ya Dhambi 5 mwenye fedha na merikebu. Mkuu anataka amani ya miaka mitatu na mji wa jirani. Nani atumwe kuapa? Mezani kwenu anatumwa Toreador kwa sababu ana dadu nyingi za kubembeleza. Upuuzi mtupu! Kiapo cha mfuasi wa Njia ya Dhambi hakimgharimu kitu. Kwake dhambi ni kujinyima anachokitamani. Jirani akiwa na akili atacheka na kufunga lango. Lasombra akiapa juu ya masalia ya mtakatifu halafu akavunja, anarusha Dhamiri. Ikishindikana anatoka 8 anaingia 7, na kila mfuasi wa Mbingu mwenye masikio atajua kwa nini. Kwa hiyo yule asiye na jeshi ndiye anayebeba saini ya mji, na Ventrue analazimika kumlinda, kumjengea kanisa, na kumeza maneno yake. Hapo siasa imezaliwa, na hujagusa ukoo hata kidogo.

Kushuka kutoka 8 hadi 7 si jambo la heshima tu, ndiyo maana nakasirika mkisema "ni pointi moja". Kila Njia ina haiba yake: ya Mbingu ni utakatifu, ya Wafalme ni amri. Ukiwa 10 ugumu wa kurusha unapungua 2, ukiwa 8 au 9 unapungua 1, kuanzia 4 hadi 7 hupati kitu, 3 na 2 ugumu unaongezeka 1, na ukiwa 1 unaongezeka 2. Piga hesabu kwa dadu tano. Dadu ni za pande kumi, na kila inayofikia ugumu ni fanikio. Ugumu wa kawaida ni 6, wastani wa mafanikio ni 2.5 kabla dadu zilizoangukia moja hazijafuta mengine. Kwa ugumu 5 unapata 3. Kwa ugumu 7 unapata 2. Yaani kasisi wa 8 na msaliti wa 3 wakiwa na karatasi zilezile wanapishana fanikio zima kila wakifungua mdomo. Na mchana ndiyo balaa: ukiamshwa jua likiwa juu, dadu zako hazizidi kiwango cha Njia. Wanakijiji wakivunja mlango wa kaburi saa sita mchana, wa 8 anasimama na dadu nane, wa 3 anapapasa na tatu. Baraza lililojaa wavunja viapo ni baraza linalouawa mchana. Msimulizi anayesahau hili amewapa wasaliti msamaha wa bure.

Sasa kundi la pili linaloniudhi: wale waliosikia "imani" wakaandika "dini moja, marafiki, dini tofauti, maadui". Hamjasoma hata historia ya kawaida? Novemba 1202 wanajeshi wa msalaba waliiteka Zara, mji wa Kikatoliki, na Papa Inosenti III akawatenga na Kanisa. Aprili 1204 jeshi hilohilo likaipora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao. Mchezo umejenga juu ya hapohapo: Michael wa Toreador aliyejiona malaika mkuu, akiwa na Antonius wa Ventrue na Dracon wa Tzimisce, koo tatu zisizopatana zikaubeba mji mmoja kwa sababu ya ndoto moja ya mji wa Mungu. Ukiondoa ndoto hiyo, niambie hao watatu wangekaa chumba kimoja kwa sababu gani.

Imani ya pamoja pia inazaa adui wa karibu. Uzushi wa Kaini unatumia madhabahu ileile, kikombe kilekile, maneno yaleyale, ila unafundisha kwamba damu ya Kaini, baba wa vampaya wote katika mchezo, ndiyo ya kuabudiwa, na kiongozi wake Venice ni Narses, Askofu Mkuu wa Nod. Kasisi wa majivu anamwogopa huyo kuliko anavyomwogopa mpagani, kwa kuwa mpagani hawezi kumnyang'anya waumini kwa misa. Mkiuweka Uzushi kama "kundi baya la kupiga" mmepoteza kila kitu. Uwekeni ndani ya parokia moja na kasisi wa Mbingu, wagombee mlango mmoja wa kuungamia.

Na hapo kwenye maungamo ndipo panapouma zaidi, kwa sababu historia imewapa zawadi mnaitupa. Mtaguso wa nne wa Laterano, 1215, uliamuru kila mwamini mwenye umri wa kutambua aungame walau mara moja kwa mwaka kwa padre wake mwenyewe na apokee Ekaristi wakati wa Pasaka. Anayekaidi anazuiwa kuingia kanisani, na akifa hazikwi Kikristo. Meza yako iko 1230. Mtumishi unayemlisha damu yako ana mke, ana majirani, ana padre. Asipoonekana Pasaka, mtaa mzima utauliza. Akienda, atasema nini? Basi kila Kwaresima watumishi wote wa mji wanapanga foleni kumwelekea mtu mmoja. Anayemshika padre huyo ameshika siri za vampaya wote, bila kujali ukoo. Tena mtaguso huohuo uliagiza padre anayetoboa siri ya maungamo avuliwe daraja na afungiwe monasteri yenye nidhamu kali atubu maisha yake yote. Kwa hiyo padre aliyekuambia neno moja tayari yuko mfukoni mwako. Hii peke yake ni miezi mitatu ya mchezo, na inaanza na swali dogo: padre wa parokia amewekwa na nani?

Kuna hatari moja. Padre mwenye Imani ya Kweli hafai kuchezewa. Anarusha kiwango cha imani yake dhidi ya Utashi wako wa kudumu, kila fanikio ni hatua moja unarudi nyuma. Akikosa mafanikio hulazimiki kurudi, ila husogei mbele. Msimpe kila padre, tafadhali. Mmoja kwa dayosisi anatosha kuwatia baraza zima adabu.

Kwa upande wa vampaya Waislamu, wanaoitwa Ashirra, mnafanya vibaya zaidi. Mnawapa vilemba na mapanga basi, mnaendelea. Wasomaji wa Kiswahili tena, ambao nusu yetu tumekulia karibu na madrasa! Damu ni haramu, Al-Maida aya ya 3 inaitaja pamoja na nyamafu na nguruwe, kisha inamwachia nafasi aliyebanwa na njaa bila kuelemea dhambi. Vampaya Mwislamu yeyote anaishi ndani ya nafasi hiyo. Sasa ipeni hesabu. Kuamka usiku kunakula pointi 1 ya damu. Binadamu mzima ana pointi 10, ukiishia kumnywa 2 hadhuriki. Kwa hiyo dharura halisi ni mtu mmoja kila baada ya usiku mbili. Kadhi wa mji akisema hiyo ndiyo mipaka, wapiganaji wa mpakani wanaokunywa 6 kabla ya vita wamekuwa wenye dhambi, na kiongozi wao atatafuta kadhi mwingine. Na Ramadhani? Kufunga mchana kwa anayelala mchana si kitu. Kadhi mkali atadai ajinyime usiku, kadhi mpole atakataa. Una vyama viwili tayari, vyote vya Ashirra, na Córdoba inaanguka 1236 wakiwa bado wanabishana. Kumbuka pia Lasombra wako pande zote mbili Hispania, ukoo mmoja unaouana kwa ajili ya qibla na msalaba. Ukoo ungekuwa ndio siasa, hilo lisingewezekana.

Kurekebisha si kazi kubwa. Kabla hujagusa koo, andika sehemu za ibada za mji, tatu au nne zinatosha, na kwa kila moja nani anakusanyika hapo usiku na kwa jina la nani. Halafu kila mhusika wako mpe Njia na kiwango. Ukijikuta umeandika Njia ya Utu 7 kwa wote, futa uanze upya, huo ni uvivu. Fuatisha orodha ya viapo vilivyopo: nani aliapa kwa nani, juu ya kitu gani, shahidi nani. Mwisho kalenda: Kwaresima, Pasaka, Ramadhani, sikukuu ya mtakatifu wa mji. Migogoro ipange iangukie tarehe hizo.

NYONGEZA: Naona mnauliza "mchezaji asiyetaka dini je?" Akae Njia ya Wafalme au ya Mnyama, hakuna anayemlazimisha kusali. Ila hana haki ya kulalamika jirani akikataa saini yake na kumtaka kasisi.

NYONGEZA 2: Aliyeandika kwamba Njia ya Mbingu ni ya Wakristo tu, arudi kusoma. Waislamu na Wayahudi wamo. Ndiyo maana kasisi wa majivu wa Toledo anaweza kumwelewa mwenzake wa Granada haraka kuliko anavyomwelewa mfuasi wa Dhambi aliyebatizwa kisima kimoja naye, na ndiyo maana mkuu wa mji atawashuku wote wawili.

Atakayetangaza meza mpya aweke hapa orodha yake ya viapo na kalenda. Akileta orodha ya koo peke yake, mimi sijazi nafasi.