Kilo 9 zimeshuka, zimerudi 12: rufaa ya unene iende kwa nani?

Muuguzi_wa_Zahanati

Wataalamu, habari za kazi. Kuna mama wa miaka 41, urefu sm 162, uzito kilo 98. Alikata wanga wote kwa miezi 3 akashuka kilo 9. Kabla mwaka haujaisha zikarudi 12. Presha 148/92, sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.4. Yuko kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3, mwaka wa tatu sasa. Magoti yanamuuma, na usiku anakoroma mpaka watoto wanaamka. Kila anakokwenda anaambiwa apunguze kula na afanye mazoezi, anarudishwa nyumbani. Nataka barua yake ya rufaa iwe na uzito. Nianze na nini hapa zahanati, aende kwa nani, na hizi sindano za kupunguza mwili anazoulizia nimjibu nini?

Daktari_wa_Ndani

Asante kwa kuleta vipimo. Anza na BMI, uwiano wa uzito na urefu: 98 gawa kwa 1.62 mara 1.62, unapata 37.3. Unene huanzia 30, na kuanzia 35 mpaka 39.9 ni daraja la pili. Namba hiyo iandike kwenye barua, maana "mnene" peke yake haimwambii mpokeaji kitu.

Kisha pima kiuno. Tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, futi ipite katikati yake, usome akiwa ametoa pumzi kawaida. Wengi wanapima kwenye kitovu au juu ya kitenge, namba inadanganya. Kwa mwanamke, kuvuka sm 88 kunaonyesha mafuta yamezunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayoleta kisukari na presha.

Presha yake irudie. Kitambaa cha kawaida cha mashine ya presha, kile kinachofungwa mkononi, kinatosha mkono wenye mzunguko wa sm 22 mpaka 32. Mkono wa mtu wa kilo 98 mara nyingi unazidi hapo, na kitambaa kidogo hupandisha usomaji hata kwa 10 au zaidi. Kuna watu wanameza dawa za presha kwa kosa la kitambaa. Tumia kikubwa, akae dakika 5, upime mara 2.

Sukari 6.4 bado si kisukari, ambacho huanzia 7.0, lakini haiko salama pia. Aombewe kipimo cha sukari ya miezi 3, mafuta ya damu, ini na tezi ya shingo. Tezi ikikutwa haitoi homoni ya kutosha itibiwe, ila usimwahidi kwamba kilo zote zilitoka huko; kwa kawaida inaeleza kilo chache tu.

Kukoroma kusipitwe. Uliza kama pumzi hukatika usingizini kisha akashtuka, kama anaamka kichwa kinauma, kama anasinzia mchana kwenye daladala. Koo linaloziba usiku hupandisha presha, na mchovu wa usingizi huwa na njaa zaidi kesho yake.

Sasa zile kilo 12. Mafuta yakipungua, leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, inashuka. Grelini ya njaa inapanda. Mwili nao unaanza kutumia nishati kidogo kuliko mwili wa mtu ambaye siku zote alikuwa na kilo hizohizo. Hali hiyo imepimwa na kukutwa bado ipo mwaka mzima baada ya kupungua. Kwa hiyo mama huyo hakukosa nidhamu. Alipewa mpango wa miezi 3 kwa ugonjwa sugu, sawa na kumpa mgonjwa wa presha vidonge vya miezi 3 na kumwambia umepona. Mwambie hivyo kwa maneno yako, kabla hujamwambia lolote kuhusu chakula.

Rufaa: hospitali ya wilaya au ya mkoa, kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza, na omba kwa maandishi aonwe na mtaalamu wa lishe siku hiyohiyo. Kuhusu sindano ya uzazi, angalia kadi yake. Aliyeongezeka zaidi ya asilimia 5 katika miezi 6 ya mwanzo huwa anaendelea kupanda. Kitanzi cha shaba hakina homoni. Abadilishe, asiache tu.

Afisa_Lishe

Naongezea upande wa jikoni. Ukimuuliza "unakula nini?" atakujibu ugali na mboga, na atakuwa anasema kweli. Muulize lita 1 ya mafuta ya kula inakaa siku ngapi na nyumbani wako wangapi. Familia ya watu 5 inayomaliza lita kwa siku 4, kila mtu anakula mililita 50 kwa siku, zaidi ya kalori 400, na hakuna anayeziona kwenye sahani. Aandike tarehe kwa kalamu ya wino juu ya chupa siku anapoifungua. Lengo lita ifike siku 10. Hapo amepunguza kama kalori 250 kwa siku bila kugusa ugali.

Cha pili ni chai. Vikombe 3 vya vijiko 3 vya sukari ni gramu 36 kama kijiko kimesawazishwa, na kwa kawaida huwa kimejaa kilima. Ashuke nusu kijiko kila wiki. Anayeacha ghafla hurudi kwenye soda.

Kukata wanga wote ndiko kulikomuumiza. Alishuka haraka, na sehemu ya kilo 9 zile ilikuwa misuli. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kabichi, robo ugali usiozidi ngumi yake, robo maharage, dagaa au samaki. Kisamvu cha nazi nzito akihesabu kama mafuta. Kulinda misuli, asimame na kuketi kwenye kiti mara 10, raundi 3, siku 3 za wiki. Magoti yakigoma, kiti kiwe kirefu zaidi. Kutembea aanze na dakika 10 baada ya chakula, polepole afike dakika 150 kwa wiki.

Mfamasia_Zamu

Hizo sindano. Semaglutidi ya kupunguza uzito ni ya mara 1 kwa wiki: miligramu 0.25 kwa wiki 4, kisha 0.5, 1, 1.7 hadi 2.4, kila hatua wiki 4. Kwenye jaribio kubwa watu walipungua wastani wa asilimia 15 kwa wiki 68. Walioacha walirudisha theluthi 2 ya kilo hizo ndani ya mwaka, kwa hiyo aulize bei ya miaka, asiulize ya mwezi. Wanaoruka hatua ili washuke haraka ndio wanaotapika mpaka wanaishiwa maji. Haimfai mjamzito, na iachwe miezi 2 kabla ya kutafuta mimba. Mwenye saratani ya tezi ya aina ya medula kwenye ukoo asiiguse, na aliyewahi kuumwa kongosho amweleze daktari kwanza.

Asinunue kwa mtu wa mtandaoni. Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia, jina la kibiashara la semaglutidi. Kalamu ya sindano ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 mpaka 8. Iliyosafiri kwenye mkoba juani ni hasara hata kama ni halisi.

Na chai za kukata kitambi: nyingi zina sena, dawa ya kuharisha. Mizani inashuka kwa maji na choo, mafuta yako palepale, na potasiamu inapotea hadi moyo unadunda ovyo.

Muuguzi_wa_Zahanati

Nimerudia na kitambaa kikubwa: 138/86. Kiuno sm 109. Kweli anaamka na kichwa. Anauliza alenge kilo ngapi, na kama puto la tumboni linamfaa.

Daktari_wa_Ndani

Alenge kilo 5 kwa miezi 6, yaani asilimia 5. Hapo presha na sukari huanza kujibu, na goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kila hatua kwa kila kilo 1 iliyotoka. Akifika, tunaongeza mpaka asilimia 10.

Puto lipo, hospitali ya Muhimbili Mloganzila wanaliweka. Huingizwa kwa mpira wa kamera kupitia mdomoni na kujazwa maji ya chumvi yenye rangi ya bluu. Aina nyingi hutolewa baada ya miezi 6. Kichefuchefu cha siku 3 mpaka 5 za mwanzo ni kawaida. Mkojo ukigeuka bluu au kijani, puto limepasuka, aende hospitali saa ileile. Aliyewahi kupasuliwa tumbo la chakula hawekewi, na vidonda vya tumbo vitibiwe kwanza. Ila mpango wa chakula uanze kabla yake. Likitolewa bila mpango kilo zinarudi.

Kwenye barua andika haya: BMI 37.3, kiuno 109, presha kwa kitambaa kikubwa, sukari 6.4, dalili za kukatika pumzi usingizini, tarehe ya sindano ya mwisho ya uzazi, na historia ya kilo 9 na 12. Kisha mpe tarehe ya kurudi kwako kila wiki 4, mizani ileile, asubuhi, bila viatu. Akishafika kilo 93, nyuma ya kadi yake mwandikie 95, na umwambie siku uzito ukipanda tena na akiiona hiyo kwenye mizani, asisubiri tarehe, aje.