Ndoto ya gitaa tangu utotoni: nianzie wapi nikiwa na miaka 41?

Msafiri41: Habari wakuu. Tangu utotoni natamani kupiga gitaa, ila kazi inanibana kutwa nzima. Nianzeje, na kwa nini watu wazima wengi huishia njiani?

FundiNyuzi: Mkuu, chukua la nyuzi za nailoni, haziumizi vidole kama za chuma. Kabla ya kulipa, pima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa). Ikizidi sana milimita 4, utabana mpaka mkono ufe ganzi. Wengi huachia hapo wakidhani hawana kipaji, kumbe gitaa ndilo halijarekebishwa. Inauma sana kuona ndoto inafia hapo.

Mama Nota: Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili, maana ngozi ya vidole hukomaa kidogo kidogo. Kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F iache kwanza. Anza na E kisha Am: umbo la vidole ni lile lile, linahamia uzi mmoja tu kuelekea nyuzi nyembamba. Metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, iwe 60 kwa dakika, mapigo manne kwa kila kodi. Ukichelewa, shusha hadi 50, usisimamishe mkono wa kulia.

Msafiri41: Asanteni. Na uzi ukikwaruza?

FundiNyuzi: Kidole kiko mbali na freti. Kisogeze kiwe nyuma yake kabisa, si juu yake, na gumba likae nyuma ya shingo. Kucha za mkono unaobana nyuzi kata fupi.