Mwenye nyumba kang'oa mlango, naanzia wapi? (Mtwara)

Wadau, nimepanga chumba na sebule huku Chikongola, nimelipa miezi 6 bado miwili, sasa msimu wa korosho umefika wageni wamejaa mzee anataka nitoke wiki hii, nikagoma, jana natoka kazini nakuta mlango kaung'oa na bawaba zake, nimelala nimetundika shuka. Mkataba ni daftari tu lenye sahihi yake.

— Pole kaka. Piga picha hiyo fremu leo leo, na daftari usimpe mtu, huo ndo ushahidi wako.

— Anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, halihukumu, mkishindwana nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kukutoa kwa nguvu ni mpaka amri, sio yeye na nyundo yake.

— Ile sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa 2005 kwahiyo miezi ikiisha bei anapandisha anavyotaka, hapo usijidanganye. Ila hiyo miwili ushailipia, ni yako.

— (mleta mada) Asanteni. Shida mwenyekiti ni shemeji yake 😂