Tupeane uzoefu: barabara za mtaa wako, taa, manholi na mahali pa kuvuka

Mkaaji wa Umoja:
Wakaaji wenzangu habari zenu, nimeonelea tupeane uzoefu juu ya hizi barabara zetu za mtaani hapa Nairobi, maana ukikaa steji dakika kumi tu unasikia mtu amegongwa, mwingine ametumbukia kwa manholi, lile shimo la maji taka, taa zimezima mwezi mzima na hakuna anajua aambie nani. Inaniuma sana kwa sababu wengi wetu kwa hii jiji tunaenda kazini kwa miguu, na wenye kutembea ndio wengi kati ya wale wanaokufa barabarani. Andika kilichokupata, na uandike pia mlifanya nini ikasaidia, hata kama ni kitu kidogo.

Nianze na hii kwanza: jueni barabara yenu ni ya nani. Kwa sheria ya barabara ya 2007 zile kuu za kitaifa kama Thika Road na Mombasa Road ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, zile kubwa za ndani ya jiji kama Jogoo Road na Outering ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, halafu Katiba ya 2010 ikapea kaunti barabara za mtaani na taa za barabarani. Barua ikienda kwa ofisi isiyohusika inakaa huko tu, na nyinyi mnangoja mkidhani kuna kitu inafanyika.

Mama wa Kayole:
Asante kwa kuanzisha hii. Kwetu shida ilikuwa manholi. Mfuniko wa chuma uliibwa usiku, ukaletwa mwingine nao ukaenda, na si kwetu pekee, mnakumbuka Januari 2022 serikali hadi ilipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu baada ya nguzo za stima kuharibiwa, halafu mwaka huo huo ikafunguliwa tena. Tuliweka tairi na tawi la mti ndio watu waone, lakini mvua ikinyesha maji yanajaa barabara yote, tairi inasukumwa kando na shimo halionekani kabisa. Mtoto wa jirani alikuwa anatoka duka jioni akaingia mguu mmoja, bahati mama mboga alikuwa karibu akamshika mkono, la sivyo saa hii tungekuwa tunaongea mengine.

Hapo ndio ploti za huo mstari zilichanga pesa tukaita fundi wa mjengo atuchapie mfuniko wa zege. Naomba mshike hii vizuri. Alitengeneza fremu ya mbao, akapanga vyuma vya mjengo ndani vikipishana, akamwaga zege na akaacha vipete viwili vya chuma vya kuinulia, lakini amevizamisha kwa vishimo vidogo ndio mtu asijikwae. Msizibe kabisa na simiti kwa sababu siku maji taka yakirudi nyuma lazima ifunguliwe, na watakaokuja watavunja tu. Chuma kinauzwa, zege hakuna mtu ananunua, na huo mfuniko uko hapo mpaka leo.

Dereva wa mathree (matatu), Eastlands:
Nataka wenye kutembea wajue vile sisi tunaona tukiwa kwa usukani. Saa kumi na moja asubuhi, mvua inanyesha, gari inayokuja imekuwashia full machoni, na mtu amevaa jaketi nyeusi anavuka mahali hakuna taa, huyo mtu humuoni mpaka awe mbele ya boneti. Vaa kitu cheupe, ama uwashe tochi ya simu ukiielekeza chini, hiyo inaonekana mbali sana.

Na hii ndio inamaliza watu: abiria ameshuka, anazunguka mbele ya gari ile ile ameshukia ndio avuke. Mimi niliyesimama namuona, lakini nduthi (pikipiki) inayonipita upande wa kulia haimuoni na yeye haioni. Tafadhali, ngoja mathree iondoke kwanza, uone barabara yote, ndio uvuke. Makanga wangu siku hizi anawaambia abiria hivyo kabla hawajakanyaga chini, hasa wenye watoto. Sheria ndani ya mji ni 50 kwa saa lakini alfajiri barabara ikiwa wazi hakuna anayeifuata, kwa hivyo usipige hesabu ya kuvuka ukidhani gari inakuja polepole.

Mkaaji wa Umoja:
Hiyo ya kungoja gari iondoke naipeleka kwa gurupu la wazazi leo leo.

Mzazi wa Donholm:
Watu hulaumu wenye kuvuka chini Outering wakati kuna daraja la juu. Mimi daraja natumia mchana na watoto, lakini saa mbili usiku nikiwa peke yangu siwezi, watu wameporwa simu na mikoba huko juu na hakuna mahali pa kukimbilia. Daraja bila taa na bila ulinzi ni nusu ya kazi. Tunachofanya ni kungojana steji wanawake watano sita tuvuke juu pamoja, imesaidia.

Natumia kiti cha magurudumu, Buruburu:
Kwangu ni fupi. Njia ya miguu iko, lakini asubuhi ina magari yameegeshwa na jioni ina vibanda, nduthi nazo zinapita hapo hapo. Nashuka barabarani na kiti kwa sababu sina njia nyingine. Wenye magari, acheni nafasi ya kiti kupita.

Mzee wa nyumba kumi, Dandora:
Juu ya taa. Mulika mwizi yetu, ile taa ndefu ya kumulika mtaa, ilizima, na mama wa chapati na kijana wa kinyozi wakawa wanafunga saa moja. Kupiga simu hakukusaidia, kila mara tunaambiwa imeandikwa. Kilichosaidia ni kutembea usiku na daftari, nguzo kwa nguzo, tukaandika: hii iko karibu na duka gani, imezima kabisa ama inawaka ikizima, waya unaning'inia ama la, na picha. Hapo hata fundi akija anajua abebe nini.

Halafu bajeti. Makadirio ya kaunti lazima yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mkienda kulia taa mwezi wa Agosti mnaambiwa mngoje mwaka ujao, kwa hivyo wakiitisha maoni ya wananchi mapema mwaka, nendeni na hilo daftari na watu wa kutosha.

Mama wa Kayole:
Mzee, na barua ya hizo taa mlipeleka wapi? Mkono kwa mkono ama kwa simu?

Mzee wa nyumba kumi, Dandora:
Mkono kwa mkono, ofisi ya wodi. Beba nakala mbili, moja wabaki nayo, yako ipigwe muhuri wa tarehe hapo hapo mbele yako kabla hujatoka. Wakikwambia muhuri hauko, keti ungoje mpaka muhuri urudi.