Mdogo wangu kapata Ujerumani, Uingereza na Uturuki, wapi anasaidiwa kweli akishafika?

mtoto_wa_pasiansi
Habari za jioni wadau. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24, kasoma Mwanza mwanzo mwisho, hajawahi kulala nje ya nchi hata siku moja. Sasa kapata masters sehemu tatu: chuo cha serikali Ujerumani (ada hakuna, ni mchango wa muhula tu), Uingereza wamempunguzia ada nusu, na Uturuki kapata Türkiye Bursları, ule ufadhili wa serikali yao, kapangiwa mji wa Konya. Habari za chuo kipi kina jina nimeshasoma mpaka macho yameuma. Nachotaka kujua akishashuka kwenye ndege anapokelewa na nani, akiumwa anaenda wapi, karatasi za uhamiaji zikikwama anamshika nani. Baba alishafariki, mimi ndo namsomesha, na mama kila siku ananiuliza mtoto unamwachia nani huko. Naombeni mliopo mniambie mlichokiona kwa macho yenu.

FundiSaa
Mkuu hongera kwa binti. Niko Ujerumani mwaka wa 4. Huku msaada upo, tena mwingi, ila umetawanyika na hakuna atakayekufuata chumbani kwako kukuambia. Chuo kina ofisi yake ya wanafunzi wa nje, lakini hosteli na kantini zinaendeshwa na shirika lingine, linaitwa Studierendenwerk, huko ndo anaomba chumba na huko huko wapo washauri wa mambo ya hela na wa msongo wa mawazo. Wengi wanasubiri viza itoke ndo waombe chumba, miji mingine foleni inapita muhula mzima, kwa hiyo aombe leo.

Na asifanye kosa langu. Nilifika Ijumaa saa mbili usiku, funguo za vyumba anazo msimamizi wa jengo, wenyewe wanamwita Hausmeister, na alishafunga ofisi tangu mchana mpaka Jumatatu. Nikakaa kwenye ngazi na begi langu la kilo 23 mpaka akapita kijana wa Cameroon, tukaelewana kwa ishara nusu na Kiingereza nusu, akanitandikia chini chumbani kwake siku tatu. Jumatatu napewa chumba, kuna kitanda na godoro tupu, shuka hakuna, sufuria hakuna. Akate tiketi ya kufika Jumanne au Jumatano asubuhi, na shuka awe nayo kwenye begi.

mtoto_wa_pasiansi
Asante sana kaka, hili la siku ya kufika nisingeliwaza kabisa. Na ile hela ya benki wanayosema ni lazima?

FundiSaa
Lazima, labda awe na ufadhili au mtu wa kumdhamini huku. Ni akaunti iliyofungwa, Sperrkonto, euro 11,904 za mwaka mzima ziwemo zote kabla ya viza, halafu akifika wanamwachia 992 kila mwezi. Ni hela yake ya kula na pango, hailiwi na mtu. Humo humo anatoa bima ya afya ambayo chini ya miaka 30 anaingia ile ya umma, akiumwa anaenda na kadi yake tu anatibiwa.

nyar_kisumu
Sasa ndugu. Mimi ni Mkenya, nimemaliza masters Uingereza juzi tu. Huku wanakushika mkono, sitakudanganya. Basi la chuo lilitungoja eapoti, kulikuwa na watu wameshika bango la chuo, wakatupeleka hadi mlangoni. Chuo kina washauri wa viza na huwalipi kitu, msaidizi wa masomo yuko, chama cha wanafunzi kiko. Matibabu unalipia pamoja na viza, ni pauni 776 kwa mwaka, na viza ya masters huwa inapita mwaka kidogo so atalipa zaidi ya hapo. Lakini kulipa haitoshi, lazima aende mwenyewe ajiandikishe kwa daktari wa mtaa, GP, wiki ile ya kwanza. Wengi hungoja mpaka wagonjeke na hapo ndio unapewa fomu ukiwa na homa.

Kitu moja hawakwambii vizuri ni kwamba chuo hicho hicho kinachokusaidia ndicho mdhamini wa viza yako, ukipotea darasani wanatakiwa waripoti kwa serikali. Baridi ilipoanza nililemewa, nilikuwa naamka naangalia dirisha saa tisa na nusu jioni ni giza tayari, nikakaa karibu wiki tatu bila kuenda class. Imeili ikaja kali. Nilienda kwa mshauri nikilia, mama mmoja mzima hivi, akafunga mlango, akanipikia chai, akaniandikia barua ya kwenda kwa walimu siku hiyo hiyo. Lakini foleni ya mtaalamu wa kuongea naye ilikuwa wiki sita. Mwambie huyo dada akianza kuteleza aseme siku ya kwanza, asingoje barua.

Na nyumba ya nje ya chuo wanataka mdhamini anayeishi Uingereza. Vyuo vingine vinakubali kumdhamini mwanafunzi vyenyewe, aulize mapema.

BintiTanga
Kaka shikamoo. Mimi Uturuki mwaka wa 3, kwa ufadhili huo huo. Hapa vitu vinakuja pamoja: tiketi ya ndege, hosteli ya serikali (yurt), bima, posho ya mwezi na mwaka mmoja wa kusoma lugha kabla ya masters. Chumba mnashea, kifungua kinywa na chakula cha jioni kipo, na usiku kuna saa ya mwisho ya kuingia. Mama yangu alivyosikia hilo la saa ya kuingia ndo moyo ukamtulia.

Ila ajue lugha siyo ya mchezo. Kozi ikiwa ya Kituruki lazima afikie C1, yaani ngazi ya juu ya lugha, ndo aanze. Na ofisini wengi wanaongea Kituruki tu. Mara yangu ya kwanza hospitali nilimpa daktari simu yenye tafsiri, akasoma, akanipapasa tumbo upande ambao siumwi. Siku hizi mgeni akija tunagawana sisi wa zamani, mmoja anampeleka kwenye kibali cha ukaazi, mwingine hospitali. Ubalozi wetu pia upo Ankara.

MzeeWaKaratasi
Mimi nilikuwa ofisi ya udahili miaka mingi, chuo kimoja hapa nyumbani. Kijana wangu, mwambie binti aandike imeili moja ile ile kote kutatu, maswali mawili tu: nikifika usiku nani ana ufunguo wangu, na nikiugua wiki ya kwanza naenda wapi. Tovuti zote zinaandika tunamjali mwanafunzi. Angalia nani anajibu swali lenyewe na nani anakutumia linki.

mtoto_wa_pasiansi
Wadau nimerudi, wiki mbili sasa. Mzee wangu ulichosema tumekifanya. Uingereza walijibu kesho yake, vizuri, ila tumepiga hesabu, hata hiyo nusu ya ada ni sawa na kuuza kiwanja na nyumba ya mama. Ujerumani walijibu siku ya nane, wakampa na mwanafunzi wa kumpokea, roho iliniuma maana 11,904 kwa mkupuo sina. Konya walijibu kwa Kituruki, dada akakaa na kamusi jioni nzima akaitafsiri mwenyewe, alipomaliza akasema kaka naenda huku.

BintiTanga, Konya mwezi wa kumi baridi yake ikoje? Yuko sokoni Mlango Mmoja anachagua koti la mtumba sasa hivi.

BintiTanga
Usiku inakata kweli. Achukue refu lifunike mapaja, na lenye kofia. Viatu asinunue huko, atanikuta na vyangu vya mwaka wa kwanza, ni namba 39. Nitumie tarehe ya ndege.